UZI: Kabla hujamsomea mtu Zaburi 133 kwenye kikao cha mirathi, pita hapa kwanza

Mpanda Migomba (mleta uzi)

Wakuu, kwema?

Mwezi uliopita tumemaliza matanga ya mzee, huku mlimani. Wageni walipoondoka, mbege ikiwa bado nusu pipa, kikao cha ukoo kikaanza, na ajenda ilikuwa moja tu: kihamba, yaani shamba la ukoo. Eka mbili na nusu za migomba na kahawa, watoto sita. Wawili wako Dar, mmoja yuko Marekani anasikiliza kwa simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Kaka mkubwa akafungua Biblia akasoma: "Tazama, jinsi ilivyo vema, na kupendeza, ndugu wakae pamoja, kwa umoja." Akaifunga. Akasema basi, Neno limeshanena, tusigombane, tumalize. Kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu maana yake ni: wadogo nyamazeni, mimi nimeshapanga.

Nilibana kicheko. Kabla sijaangukia kwenye biashara ya vipuri nilikaa chuo cha theolojia miaka miwili, na kitu pekee nilichotoka nacho ni Kiebrania. Na mstari ule kwa Kiebrania unazungumzia jambo lile lile tulilokuwa tumelikalia kwenye viti vya plastiki. Unazungumzia shamba.

Maneno yenyewe: *hine ma tov uma naim, shevet ahim gam yahad*. *Shevet* ni kukaa, kuwa na makazi mahali. *Ahim* ni ndugu. *Yahad* ni pamoja. Sasa chukua hayo matatu, kukaa, ndugu, pamoja, uyasake kwenye Torati uone yanakutana wapi.

Yanakutana Kumbukumbu la Torati 25:5, kwenye sheria ya ndugu kumrithi mjane wa marehemu. Sheria inaanza na sharti: ndugu wakikaa pamoja, na mmoja wao akafa bila mwana. Wasomi wengi wanalielewa hilo kama ndugu ambao bado hawajagawana mali ya baba yao, wako kwenye ardhi moja. Rudi nyuma Mwanzo 13:6: Abramu na Lutu, mtu na mwana wa nduguye, nchi haikuwatosha wakae pamoja kwa sababu mifugo ilikuwa mingi. Mwanzo 36:7, Esau na Yakobo, habari ni ile ile: mali imezidi, malisho hayatoshi, Esau anahamia mlima Seiri. Mahali pote hapo ni kitenzi kile kile cha kukaa na mzizi ule ule wa *yahad*.

Kwa hiyo Mwisraeli wa zamani akisikia "ndugu wakae pamoja" hakuwa anawaza watu walioshikana mikono wakiimba. Alikuwa anawaza boma. Visima, mipaka, nani analisha wapi, mjane wa nani anakula kwa nani. Zaburi haikusema ndugu wafikiri sawa, haikusema hata wapendane. Imesema wakae. Na inashangilia kama mtu anayejua jambo hilo ni gumu kiasi gani, maana katika kitabu cha Mwanzo karibu kila ndugu waliojaribu walishindwa.

Mstari wa pili na wa tatu nitashusha baadaye, nina mteja.

---

Fundi Saa

Nimevuta kigoda. Wenye chai tupitishieni.

---

Mwinjilisti wa Zamu

Mleta uzi, nakuheshimu, ila umelishusha Neno likawa la mambo ya mashamba. Umoja wa Biblia ni wa kiroho. Neno la Kiebrania la "mmoja" ni *ehad*, na *ehad* ni umoja wa vitu vingi vilivyoungana. Mwanzo 2:24, mwili *ehad*, watu wawili. Hesabu 13:23, wapelelezi walikata kichala *ehad* cha zabibu, punje nyingi. Hapo ndipo pa kuanzia.

---

Mpanda Migomba

Mwinjilisti, hoja hiyo nimeisikia kwenye mahubiri mengi na ina kasoro moja. Nikikwambia "niletee mkungu mmoja wa ndizi", utaniletea ndizi mia. Wingi umetoka kwenye neno mkungu. "Mmoja" hapo imebaki mmoja ya kawaida. Ukitaka kuiona *ehad* ikiwa peke yake kabisa, nenda Mhubiri 4:8: yuko mmoja (*ehad*) wala hana wa pili, hana mwana wala ndugu. Huyo hajaungana na mtu. Ezekieli 33:24 Abrahamu anaitwa *ehad* kwa maana ya kwamba alikuwa mtu mmoja tu.

Ile Sikiza, Ee Israeli ya Kumbukumbu 6:4, inayosema Bwana ni mmoja, ni mjadala wa uzi mwingine. Humu tubaki na watu.

---

Bint Mvita

Mimi si wa Biblia lakini niruhusuni niingie, maana lugha hizi ni jamaa. Hiyo *ehad* yenu ndiyo *ahad* tunayoisoma katika Surat Ikhlas. Na hiyo *yahad*, mwanzoni mwa neno Kiebrania hupenda herufi yei (y) pale Kiarabu kinapoweka wau (w), basi mzizi ni ule ule wa *wahid*, *wahda*, na tawhidi. Hata wazee wetu huku wakihesabu kwa mtindo wa zamani husema wahedi, thineni. Kwa hivyo mtu wa Pwani akisoma Zaburi hiyo kwa Kiebrania, neno moja la mwisho atalitambua bila mkalimani.

Nauliza: hayo mafuta ya ndevuni, ya mstari wa pili, yana nini na shamba?

---

Mpanda Migomba

Dada, shukrani, na swali lako ndilo nililoahidi.

Mstari wa pili: umoja huo ni kama mafuta mazuri kichwani, yashukayo ndevuni, ndevu za Haruni, yashukayo mpaka upindo wa mavazi yake. Haruni ndiye kuhani mkuu wa kwanza. Tuanze na mafuta. Mapishi yake yako Kutoka 30: manemane shekeli 500 (kipimo cha uzito), mdalasini 250, kane 250, kida 500, vyote viungo vya harufu, na hini moja (kipimo cha vimiminika) ya mafuta ya zeituni. Ni ya kuwekea wakfu. Anayeyatengeneza kwa matumizi yake, au kumpaka asiyehusika, anakatiliwa mbali na watu wake. Yaani mafuta yanayofananishwa na ndugu kukaa pamoja ni yale ambayo ukiyafanya yako binafsi unafukuzwa kwenye jamaa. Nikimfikiria kaka mkubwa na hati ya kihamba iliyoko kabatini kwake, basi tu.

Halafu "upindo". Wengi tunapata picha ya mafuta yanayotiririka mpaka miguuni. Kiebrania kinasema *pi midotav*, mdomo wa mavazi yake. Kutoka 39:23 neno hilo hilo la mdomo limetumika kwa tundu la kanzu ya kuhani, pale kichwa kinapopita. Kwa hiyo inawezekana sana kwamba ni kola. Mafuta yanatoka utosini, yanapita ndevuni, yanafika kolani. Na chini kidogo ya kola kuna nini? Kifuko cha kifuani chenye mawe 12, kila jiwe jina la kabila moja, na mabegani mawe mawili, majina sita hapa, sita pale. Zaburi haiyataji mawe, hii ni nyongeza yangu, mnaweza kuikataa. Ila mtu aliyemwona kuhani amevaa angejua mafuta yanaelekea wapi.

Kitenzi ni *yored*, kushuka, na kimetumika mara tatu katika mistari miwili: mafuta yanashuka, yanashuka, umande unashuka. Ni umande wa Hermoni ushukao milimani pa Sayuni. Hermoni uko kaskazini kabisa, mita 2,814, leo ni mpaka wa Lebanoni na Syria. Sayuni uko Yerusalemu, kama kilomita 200 kusini. Umande hausafiri hivyo, na mshairi alijua. Kaskazini ulikuwa ufalme wa Israeli, kusini wa Yuda, na wapo wasomi wanaosema hapo ndipo penye fumbo: ndugu wawili wa siasa wanaopaswa kunywa umande mmoja.

Kingine: wimbo huu umo katika zile nyimbo 15 za kupanda, Zaburi 120 mpaka 134, zinazohusishwa na watu waliokwea kwenda Yerusalemu wakati wa sikukuu. Watu hao nyumbani kwao wameshagawana zamani. Kwa siku chache mjini, wamelala wamebanana, wanaonja tena boma lisilo na uzio.

---

Kamanda Kifimbo

Naona uchochezi wa kisomi hapa. Umoja ni nguvu, kwisha. Waisraeli walipokuwa kama mtu mmoja walishinda, walipogawanyika walipelekwa utumwani. Familia yako pia inahitaji kauli moja. Kaka yako yuko sahihi.

---

Mpanda Migomba

Kamanda, umelitaja mwenyewe: "kama mtu mmoja". Kaa vizuri.

*Ke-ish ehad*. Mahali neno hilo limerundikwa zaidi ni Waamuzi sura ya 20. Mstari wa 1, Israeli wote wanakusanyika kama mtu mmoja. Mstari wa 8, watu wote wanasimama kama mtu mmoja. Mstari wa 11, wanaukusanyikia mji kama mtu mmoja. Mara tatu katika mistari kumi na moja. Kitabu chote cha Waamuzi makabila yanaitana vitani na mengine hayaji. Sasa wamekuja wote, watu 400,000 wenye kutumia upanga. Kumpiga nani? Benyamini. Ndugu yao.

Chanzo unakijua: Mlawi aliyemtoa suria wake nje kwa wahuni wa Gibea, mji wa kabila la Benyamini, asubuhi akamkuta ameanguka mlangoni, akamkata vipande 12, akavisambaza nchi nzima. Uovu wa Gibea ulikuwa wa kweli na Benyamini walikataa kuwatoa wahalifu. Lakini angalia umoja ule ulivyokwenda. Siku mbili za kwanza Israeli wamekufa 22,000, halafu 18,000. Siku ya tatu Benyamini wameanguka elfu ishirini na tano na ushei. Wamebaki wanaume 600, wamejificha kwenye jabali la Rimoni miezi minne. Miji yao imechomwa, watu na wanyama. Baadaye wale wale waliosimama kama mtu mmoja wanakaa mbele za Mungu wanalia, wakiuliza kwa nini leo kabila moja limepunguka katika Israeli. Sijui walitarajia nini.

Na bado hawajajifunza. Walikuwa wameapa kutowaoza Benyamini binti zao, basi wanatafuta mji ambao haukuja mkutanoni, wanaukuta ni Yabesh-gileadi, wanaua watu wake na kubakiza wasichana 400 wa kuwapa wale 600. Hesabu haitoshi, mia mbili wanaagizwa wakavizie wasichana wanaocheza ngoma Shilo. Maafikiano yapo asilimia mia. Hakuna aliyenyoosha mkono kupinga.

1 Samweli 11 inajibu kimya kimya. Sauli, Mbenyamini wa Gibea, anakata vipande, safari hii ni ng'ombe, anavisambaza nchi nzima, watu wanatoka "kama mtu mmoja", na wanakwenda kuuokoa mji. Mji gani? Yabesh-gileadi. Mwandishi hakukosea njia.

Kwa hiyo Maandiko hayana shida na watu kuwa kama mtu mmoja. Yanauliza mtu huyo mmoja ameshika nini mkononi.

---

Mzamiaji

Niko Toronto, zamu ya usiku, nasoma huku nikisubiri lifti. Jirani yangu ni mzee wa Kiyahudi, na huo mstari wa Hine ma tov wanauimba mezani. Aliwahi kunisomea ufafanuzi wa Rashi, yule mwalimu wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki 1105. Kutoka 19:2 inasema wakaondoka, wakafika, wakapiga kambi, vyote kwa wingi, halafu ghafla kitenzi kinakuwa cha umoja: Israeli *akapiga* kambi mbele ya mlima. Rashi anasema: kama mtu mmoja kwa moyo mmoja, ila kambi nyingine zote zilikuwa za manung'uniko na ugomvi.

Utamu uko kwa Wamisri. Kutoka 14:10 Misri wanawafukuzia baharini, kitenzi cha umoja vile vile, na Rashi anageuza maneno: kwa moyo mmoja kama mtu mmoja. Wafafanuzi wa baadaye wakashikilia hapo. Wamisri waliunganishwa na lengo, lengo likiisha kila mtu na lake. Israeli walikuwa mtu mmoja kwanza, moyo ukafuata baadaye, na siku nyingi haukufuata.

---

Mama Wawili

Mnaongea ndugu, ndugu, mawe 12, makabila. Mimi naona majina ya wanaume tu. Mleta uzi umesema watoto sita, wa kike wangapi, na kwenye kikao walikaa wapi? Jikoni?

---

Mpanda Migomba

Dada, wa kike ni wawili. Mmoja ndiye aliye kwenye simu. Mwingine, ndiyo, alikuwa jikoni, na umenishika.

Wako wanawake watano waliokataa kubaki jikoni: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, binti za Selofehadi, Hesabu 27. Walisimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari na wakuu, mlangoni pa hema, wakasema kwa nini jina la baba yetu lifutwe kwa kuwa hakuwa na mwana? Tupeni milki kati ya ndugu za baba yetu. Musa hakuwaambia wanavunja umoja wa kabila. Alipeleka shauri kwa Mungu na jibu likaja: wamesema haki. Hesabu 36 wakuu wa ukoo wanarudi na wasiwasi kwamba wakiolewa nje ardhi itahama kabila, nao wanaishia kuolewa na wana wa ndugu za baba yao. Hapo sisemi kila kitu kilikaa sawa.

Nilichotaka kuonyesha ni kwamba kudai sehemu hakukuhesabiwa kuwa utengano. Utengano una lugha yake, na ni ya mirathi vile vile. 1 Wafalme 12, karibu mwaka 930 KK, mfalme Rehoboamu, mjukuu wa Daudi, amekataa kupunguza nira. Kaskazini wanajibu: tuna *sehemu* gani katika Daudi? Hatuna *urithi* katika mwana wa Yese. Hawakusema "hatukupendi". Wamesema hatumo kwenye hati.

---

Fundi Saa

Sasa mnara wa Babeli tunauweka wapi? Pale walikuwa na umoja mtupu, Mungu akashuka kuuvunja.

---

Mpanda Migomba

Fundi, umeuliza nililokuwa nalisubiri.

Mwanzo 11:1 inasema watu wote walikuwa na lugha moja na *devarim ahadim*. *Ahadim* ni "mmoja" iliyowekwa kwenye wingi. Jaribu kuisema kwa Kiswahili: "wamoja". Ni umbo nadra. Babeli walikuwa na maneno "mamoja", wakataka kujifanyia jina wasije wakatawanyika.

Umbo hilo linatokea tena Ezekieli 37:17. Nabii anaambiwa achukue vijiti viwili. Kimoja aandike cha Yuda, kingine cha Yusufu, kijiti cha Efraimu, yaani ufalme wa kaskazini. Avishike viwe *ahadim* mkononi mwake. Ezekieli yuko uhamishoni Babeli, na kwa Kiebrania jina la mji ule ni lile lile la mnara. Ufalme wa kaskazini ulianguka 722 KK, zaidi ya miaka 130 nyuma yake. Hakuna wa kuungana naye anayeonekana. Na bado anaandika majina mawili kabla ya kuviunga, wala hasemi yafutwe. Babeli ni jina moja juu ya wote. Ezekieli ni vijiti viwili ambavyo ukivisogeza karibu bado unasoma nani ni nani.

---

Mwinjilisti wa Zamu

Nimerudi kuisoma Mwanzo 13 baada ya kulala na uzi huu. Abramu anamwambia Lutu usiwepo ugomvi kati yetu, "sisi ni ndugu", halafu hapo hapo anasema tutengane. Zamani niliona kama amekata tamaa.

---

Mpanda Migomba

Mtumishi, endelea mpaka Mwanzo 14:14. Lutu ameshahamia Sodoma, kila mtu na malisho yake, mipaka imekaa. Anatekwa. Andiko linasema Abramu aliposikia kwamba *ndugu yake* ametekwa, akatoka na vijana 318 waliozaliwa nyumbani mwake, akawafuatia mpaka Dani. Hawakai tena pamoja, ila neno ndugu halijahama.

---

Kamanda Kifimbo

Sawa, nimekusikia. Sasa kihamba mmegawana au bado?

---

Mpanda Migomba

Bado. Mama alitoka ndani akauliza nani amesema yeye amekufa, kikao kikavunjika, tukarudi kwenye mbege.

Juzi nikamtumia kaka mkubwa Mwanzo 13:9 kwa WhatsApp, pale Abramu, ambaye ndiye mkubwa, anamwachia mdogo achague kwanza, kushoto au kulia. Tiki mbili za bluu. Mpaka leo hajajibu.